Kompresa ya skrubu iliyokuwa inatema oili

Kila siku nilikuwa naongeza oili kwenye kompresa, mashine ya kugandamiza hewa, na mipira ya kupitishia hewa imelowa oili ndani. Nikabadilisha separeta, kichujio kinachotenganisha oili na hewa, nikiamini nimemaliza kazi. Siku mbili tu, oili ileile.

Ndipo nikakaa nikafuata njia ya oili. Rota mbili, vyuma vyenye umbo la skrubu, huzunguka zimeingiliana, na oili inayoingizwa kati yake huziba mianya, hulainisha na kupoza hewa inayogandamizwa. Hewa na oili huingia pamoja kwenye tangi. Oili nyingi huanguka chini, na ukungu unaobaki hunaswa na separeta. Matone yake hukusanyika chini ndani ya separeta, halafu kijibomba chembamba huyanyonya na kuyarudisha kwenye rota. Wengi hukisahau kijibomba hicho, nami nilikisahau.

Kina kioo cha kuchungulia: kilikuwa kikavu kabisa. Nikazima, nikakata umeme, nikasubiri hadi geji ya presha ikasoma sifuri, nikafungua. Kitundu chake, chembamba kuliko njiti ya kiberiti, kilizibwa na uchafu mweusi wa oili iliyoungua. Nilikilowesha, nikakipuliza. Usikitoboe kwa waya mgumu: kikipanuka, hewa uliyokwisha kuigandamiza itarudi bure.

Nilipowasha, matone yakaanza kukimbia kwenye kioo.