Nilimuachia vidole viwili ndani ya mshono

Mimi ni tayeri, fundi wa kushona nguo, niko na mashini yangu huku Majengo, Goma, na watu wenye wananijua wanajua mambo ya moyo si yangu, mimi naongeaka zipu na vifungo basi. Leo wacha niandike hii haraka kabla sijabadilisha mawazo.

Kuna mtu mwenye nilimupenda tangu tulipokuwa tunakaa parseli moja, kiwanja kimoja. Yeye alikuwa ananiita "yaya", kama vile mtu anaita kaka yake mkubwa, na mwenye alikulia huku anajua hiyo neno ikishaingia kazi imekwisha, kutoka yaya mpaka kuwa bwana hakuna njia. Nilishona uniformu za wadogo zake, nilipunguza sketi zake, vipimo vyake viko kwenye kaye yangu, daftari ya vipimo, ukurasa wa tatu mpaka leo.

Halafu 2021 ikakuya. Nyiragongo, volkano yetu, ililipuka tarehe 22 mwezi wa tano, Jumamosi jioni, lava ikashuka mpaka Buhene, nyumba za watu zikaungua, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Tukasema imekwisha, kumbe udongo unaendelea kutetemeka usiku na mchana, na tarehe 27 asubuhi sana gavana akatangaza kartie nyingi, mitaa ya mji, zitoke, Majengo nayo ndani, walisema lava inaweza kutokea hata chini ya ziwa, na Kivu iko na gesi huko chini, basi kila mtu alikimbia na roho mkononi. Mimi nilifunga kichwa cha mashini juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, nikaelekea Sake. Yeye na familia yake walipata boti ya Bukavu. Sisi tulirudi, wao hawakurudi, papa yake alipata kazi huko Kadutu, ndani ya Bukavu.

Basi nikaanza kumupenda kwa telefone, na usiniletee ile ya upendo wa kweli hauombi kitu. Nilikuwa naomba! Statu yake nilikuwa naiangalia hata dakika mbili hazijapita, na nikimutumia inite za telefone nahesabia siku ngapi atakaa bila kuandika aksanti, zikifika mbili nanuna peke yangu kama mutoto. Hiyo si kujitoa, hiyo ni kukopesha.

2024 akaniandikia: "Yaya, doti yangu iko mwezi ujao, siamini tayeri mwingine." Doti ni sherehe ya kutoa mahari. Akatuma kikwembe (kitenge), yadi 6, kwa boti ya usiku, nikaenda kuikamata bandarini asubuhi, ilikuwa inanuka samaki sambaza. Nikamwambia bei ni dola 15 kama kwa kila mtu. Akashangaa, "hata mimi, yaya?" Ndiyo, hata weye. Ningemushonea bure ningekuwa nimemuuzia kitu kingine, na angekilipa maisha yake yote bila kujua deni ni ya nini.

Vipimo vipya vikakuya, kiuno kimepungua sentimeta 4 kuliko kwenye kaye. Nikajiuliza kama anakula vizuri, halafu nikakumbuka sasa kuna mwenye kazi ya kuuliza hiyo.

Kwa kawaida ndani ya mshono naacha sentimeta moja na nusu, ingine nakata natupa. Siku ile makasi ilikataa. Nikaacha vidole viwili kila upande, toka kwapani mpaka kwenye hipsi, nikalaza kitambaa vizuri, nikakishikisha kwa sindano ya mkono, uzi wa rangi ileile, polepole, ili kisivimbe kwa nje. Mwanamuke akiolewa mwili unabadilika, atabeba mimba, ataongezeka, na kikwembe ya rangi ile hataipata tena sokoni. Mwenzangu wa mashini ya pembeni aliona, akasema tu, "Weye, uko unashonea watoto wa bwana mwingine." Sikumujibu, alikuwa na haki.

Kwa doti sikuenda. Picha zilifika, niliangalia bega la kushoto (huwa linanisumbua), limekaa sawa, nikafunga telefone.

2025 vita ikaingia Goma mwezi wa kwanza, Bukavu mwezi wa pili, boti zikasimama kwanza. Niliandika mara moja: muko wazima? Akajibu: tuko wazima. Sikuongeza kitu, na inite nilituma bila kuhesabia siku, au tuseme nilihesabia kidogo.

Juzi akatuma sauti, nyuma yake mutoto analia. Anasema ile nguo ya doti ilikuwa haimuingii tena, akaipeleka kwa tayeri wa huko Kadutu, yule akafungua mshono akacheka, akamuuliza nani alishona hii, huyo mutu alikuwa anajua.

Nilisikiliza mara tatu. Halafu nikamuandikia: mwambie asikate yote, aache tena kidole kimoja.