Kutoka Bronzeville hadi Hinckley, njia ya Globetrotters

Ukiwa Chicago, Hinckley si mbali. Ni kijiji cha upande wa magharibi, mwendo wa kama kilomita 100, katikati ya mashamba ya mahindi na soya. Kwa sisi tunaowapenda Harlem Globetrotters, timu ya mpira wa kikapu ya Marekani inayocheza kwa mbwembwe na vichekesho, ni mahali pa kwenda kuzuru, maana timu yenyewe huhesabu kuwa mechi yake ya kwanza ya ugenini ilichezwa huko, Januari 1927.

Nilianzia Bronzeville, mtaa wa Weusi kusini mwa jiji. Wachezaji wa mwanzo walitokea hapa, wengi wao wakiwa vijana wa shule ya Wendell Phillips, ambayo ipo hadi leo. Meneja wao, Abe Saperstein, aliwapa jina la Harlem, mtaa wa Weusi wa New York, ili anayesoma bango ajue timu inayokuja ni ya Weusi. Harlem kwenyewe walikuja kucheza mwaka 1968.

Kisha nikapanda basi la Madison na kushuka kwenye uwanja wa ndani wa United Center. Ng'ambo ya barabara pana maegesho ya magari, na hapo ndipo uliposimama uwanja wa Chicago Stadium kabla haujabomolewa. Tarehe 19 Februari 1948, Globetrotters walikutana hapo na Minneapolis Lakers, timu ya Wazungu yenye nyota wao mrefu George Mikan. Wapo waliodhani Globetrotters ni wachekeshaji tu, na kwamba leo watakiona cha mtema kuni. Mpaka mapumziko Lakers walikuwa mbele. Dakika za mwisho Marques Haynes akaushika mpira, akaudunda, akawazungusha wanaomkaba, kisha akampa Ermer Robinson. Robinson akarusha kutoka mbali, ukaingia: 61 kwa 59. Miaka miwili baadaye Nat Clifton wa Globetrotters akasajiliwa na New York Knicks, wakati NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, inaanza kuwapokea wachezaji Weusi. Nilikaa pale muda mrefu. Magari yaliingia na kutoka, nami nikiwaza kelele za watu zaidi ya 17,000.

Treni ya kwenda mji wa Aurora, ulio njiani kuelekea Hinckley, inakwenda taratibu, nikapata nafasi ya kukumbuka. Mimi niliwajua kwa deki ya mjomba, Tanga, enzi ambazo Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Meadowlark Lemon, mchekeshaji wa timu, alikuwa akimkimbiza mtu na ndoo hadi kwa watazamaji, wanajikunyata wakidhani ni maji, kumbe ni vipande vya karatasi. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini mjomba alikuwa akirudisha kanda nyuma kwa ajili ya Curly Neal, yule mwenye kipara, jezi namba 22. Curly anaserereka kwa magoti, mpira unadunda chini kabisa, karibu na sakafu, na watu wawili wanaunyemelea. “Tazama macho yake,” mjomba angesema. “Hauangalii mpira hata kidogo.” Dada zangu wao walikuwa upande wa Lynette Woodard, mwanamke wa kwanza kuichezea timu, mwaka 1985.

Huko Aurora, rafiki yangu alinipokea kwa gari, tukashika barabara namba 30. Upepo wa hapa hauna kizuizi. Vijana wa kwanza wa Globetrotters waliipita nchi hii wakati wa baridi, wamebanana kwenye gari moja, na usiku hoteli nyingi ziliwafungia mlango kwa sababu ya rangi yao. Kesho yake wakaingia uwanjani na kuwafurahisha watu. Ustadi ule wa kuchekesha na kushinda kwa pamoja ulifumwa barabarani, na ninawaheshimu zaidi sasa kuliko nilipokuwa mtoto.

Hinckley ni barabara kuu moja, maduka machache na reli. Tuliitembea yote, tukanywa kahawa, tukageuza. Rafiki yangu anasema hajatokea kama Meadowlark. Mimi nasema Curly. Tulifika Aurora bado tunabishana.