Chupa ya usiku na meno ya mwanangu

Mwanangu alikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu nilipoona kwa mara ya kwanza mistari myeupe kama chaki kwenye meno yake ya juu ya mbele, pale jino linapokutana na fizi. Nilidhani ni maziwa yaliyoganda, nikaifuta kwa kitambaa, haikutoka. Miezi michache baadaye ilikuwa imegeuka kahawia, na daktari wa meno akanieleza kwamba weupe ule ndio uliokuwa dalili ya kwanza ya kuoza, hatua ambayo jino huweza kurudishiwa madini yake kabla halijatoboka. Niliiona hatua hiyo kwa macho yangu bila kuitambua, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Chanzo kilikuwa chupa ya maziwa yenye sukari kidogo, aliyolala nayo mdomoni kila usiku. Bakteria wanaoishi katika utando unaonata juu ya meno hutumia sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha madini ya tabaka gumu la nje, ambalo kwa meno ya utotoni ni jembamba kuliko la meno ya ukubwani. Mate huipunguza makali asidi na kurudisha madini yaliyopotea, ila kazi hiyo huchukua nusu saa au zaidi, na mtu akilala mate hupungua sana. Meno ya chini ya mwanangu yalisalimika kwa sababu mtoto anaponyonya ulimi huyafunika, na tezi za mate ziko karibu nayo.

Kwa hiyo nimeacha kuhesabu vijiko vya sukari peke yake, nikaanza kuhesabu mara ambazo kitu kitamu kinaingia kinywani. Mtoto anayekunywa juisi kidogo kidogo mchana kutwa huyaweka meno yake katika asidi muda mrefu kuliko yule anayeimaliza pamoja na chakula. Vitu vitamu kwetu huliwa wakati wa mlo, na katikati ya milo kiu hukatwa kwa maji. Hata dawa ya maji ya kikohozi mara nyingi huwa na sukari, nami humpa kabla ya kupiga mswaki, si baada yake.

Mswaki ni asubuhi na usiku, na wa usiku hauna msamaha hata akisinzia, kwa kuwa baada yake hapati kitu kingine isipokuwa maji. Dawa ya meno iwe na floraidi, madini yanayosaidia jino lisioze: kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto aliye chini ya miaka 3, na cha punje ya njegere kuanzia miaka 3 hadi 6. Akimaliza hutema povu bila kusukutua kwa maji, ili floraidi ibaki juu ya meno. Anayeshika mswaki ni mimi. Wazazi wengi humwachia mtoto mapema mno, ilhali mkono wake hauwezi kufika vizuri kwenye magego mpaka afikishe miaka 7 au 8 hivi.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba nisihangaike, maana meno ya utotoni yatang'oka tu. Magego ya utotoni hukaa hadi miaka 10 au 12, mtoto huyatafunia kwa muda wote huo, nayo hulinda nafasi ya meno yatakayofuata. Likioza na kung'olewa mapema, majirani yake husogea na jino jipya hukosa pa kuotea.

Sasa ana miaka 6. Katika umri huu gego la kwanza la kudumu huota nyuma kabisa ya mengine bila jino lolote kung'oka, na wazazi wengi hulichukulia kuwa la utotoni. Lake la chini kulia lilichomoza wiki iliyopita. Bado ni fupi kuliko jirani yake, kwa hiyo kila usiku ninaukingamisha mswaki, nikiuingizia pembeni mwa shavu, ili ulifikie.