Miezi 14 ya vyuma mdomoni
Jamani, leo nimefunga mdomo na meno yangu ya chini hayakugusa kaakaa. Kwa mara ya kwanza maishani!

Wengi mnaniuliza kwa nini mtu mzima sikuchukua zile plastiki angavu za kunyoosha meno, zisizoonekana, badala ya vyuma. Nilizitaka sana, tena niliingia kliniki na picha za Invisalign (chapa moja ya plastiki hizo) kwenye simu. Daktari akaniambia niume, akatazama, akanyamaza. Meno ya juu yalikuwa yamefunika ya chini kabisa, ya chini yakinichoma kaakaani hadi vidonda, na chonge moja limegeuka upande.

Akanieleza: plastiki hulisukuma vizuri jino lililoinama, lakini kulivuta jino litoke kwenye ufizi, au kulizungusha chonge lenye umbo la mviringo, huteleza. Vyuma vimegandishwa kwenye jino lenyewe, havina pa kutelezea. Si kwamba plastiki haziwezi kabisa. Siku hizi hubandikwa vinundu vidogo kwenye meno ili zishike. Ila lazima uzivae saa 20 hadi 22 kwa siku, na unazivua kila unapokula. Mimi na chai yangu ya kila saa? Tusidanganyane.

Wiki ya kwanza nilikunywa uji tu. Waya ukanikwaruza shavu, nikawa natembea na nta ya kufunika waya mkobani kama dawa ya pumu. Mwezi wa sita nikaiba bisi harusini, kichuma kimoja kikabanduka. Daktari alicheka, mimi nililia.

Mahindi ya kuchoma bado nayaota usiku.