Nilivyoazima zana za kufundishia kwenye ofisi ya elimu, na vijana wetu walivyopata pa kuanzia

Huku kwetu, upande wa Lulindi wilayani Masasi, mtoto haachi shule ghafla. Korosho zikianza kudondoka anakosa wiki ya kwanza, yuko shambani na bibi yake anaokota. Wiki inayofuata anachukuliwa na mjomba mwenye mikorosho mingi zaidi. Minada ikija kwisha, wenzake wameshafanya mtihani, naye anaona haya kurudi kukaa na wadogo. Nimekua na watoto wa namna hiyo, na ndio walionifanya nianze kufundisha jioni baada ya kumaliza kidato cha nne.

Darasa tulipewa na shule ya msingi ya kijijini, kuanzia saa tisa alasiri wanafunzi wakishatawanyika. Shida ilikuwa zana. Nilikuwa na chaki na kitabu kimoja cha darasa la kwanza, na wanaokuja walikuwa wa kila umri, kuanzia miaka 11 hadi 18. Kijana wa miaka 16 ambaye msimu mzima amebeba magunia hataki kushikishwa kitabu chenye picha ya bata na mpira. Anasoma ukurasa wa kwanza, wa pili anatazama dirishani, kesho haji. Sikumlaumu. Nilitaka kadi za silabi, abakasi, chati, na vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuyaona maisha.

Mwalimu mkuu ndiye aliyenielekeza kwa Afisa Elimu Kata. Alisema vifaa vingi vimekaa kwenye Kituo cha Walimu, na walimu wenyewe hawaviendei ipasavyo. Vituo hivi ni vya zamani. Vilijengwa ili walimu wa shule za jirani wakutane, watengeneze zana na kuazimana vitabu, na siku hizi vimepata uhai tena kwa sababu ya MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini. Mkoa wetu wa Mtwara umepitiwa na miradi kadhaa ya kusoma na kuandika, Tusome Pamoja ukiwa mmojawapo, na kila mradi ukiisha huacha vitabu na chati. Kwa hiyo vitu vipo, na havihitaji fedha mpya kutoka popote. Kinachohitajika ni mtu wa kuvifuata kwa utaratibu.

Utaratibu huo ndio nataka kuueleza vizuri, maana wengi wanaojitolea hukata tamaa hapohapo.

Nilimkuta mama Afisa Elimu Kata ofisini kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Shida gani?"

Nikaeleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa upole: "Vitu vipo, ila siwezi kukupa wewe kama wewe. Ni mali ya Serikali hii. Kikipotea kitabu, namdai nani? Lete mtumishi atie sahihi."

Nilimwelewa. Anayejitolea hana cheki namba ya mtumishi wa Serikali, hana mwajiri wa kumkata mshahara, na kesho anaweza kupanda basi akaenda Dar es Salaam. Dawa yake ni darasa lako kuwa darasa la shule. Mwalimu mkuu ndiye anayeazima kwa jina la shule, wewe unabaki kuwa mtumiaji. Tulipokaa na mwalimu mkuu tukakubaliana hivyo, mengine yote yalikwenda kwa wepesi. Barua ilikuwa nusu ukurasa: inaandikwa kwa Afisa Elimu Kata, inapitia kwa mwalimu mkuu, inataja darasa lina wanafunzi wangapi, wa kike na wa kiume, umri wao, vifaa gani vinaombwa, na vitarudi lini. Hilo la mwisho usiliache. Ofisa akiona tarehe ya kurudisha imeandikwa na muombaji mwenyewe, roho yake inatulia.

Siku ya kuchukua, mtunza kituo alifungua leja kubwa yenye mistari ya wino mwekundu: tarehe, jina la kifaa, idadi, hali yake, jina la mwazimaji, sahihi, tarehe ya kurudi. Akaanza kuandika "nzuri" kwenye safu ya hali. Nikamwomba, "Samahani mzee, tuvikague kwanza pamoja." Hakukasirika, akavua miwani akaifuta, tukaanza. Chati ya mwili wa binadamu ilikuwa imeliwa na mchwa kwenye kona ya chini, ikaandikwa hivyo. Abakasi moja ilipungua shanga nne, ikaandikwa hivyo. Globu ilikuwa inazunguka vizuri ila imechubuka upande wa Bahari ya Hindi, nalo likaandikwa. Ukiazima mali ya umma, safu ile ya hali ndiyo kinga yako na ya mwalimu mkuu aliyekuwekea sahihi. Ichukulie kwa uzito kuliko hata idadi.

Chati tulizikunja tukazitia ndani ya kipande cha bomba la plastiki, vitabu kwenye kiroba kilichofunikwa nailoni, maana ilikuwa masika na bodaboda haichagui dimbwi.

Kilichobadilika darasani kilinishangaza. Kadi za silabi ziliwafanya wakubwa wasome bila kitabu cha kitoto mbele yao: unazichanganya mezani, wanaunda maneno yao wenyewe. Neno la kwanza aliloliunda yule wa miaka 16 lilikuwa "salfa", dawa ya kupulizia mikorosho. Kuanzia hapo nikawa nachukua maneno ya shambani na ghalani. Hesabu nazo tulizihamishia kwenye hati za malipo ya korosho. Mkoani kwetu korosho zimekuwa zikiuzwa kwa stakabadhi ghalani, yaani mkulima anazipeleka ghalani kwa risiti kisha zinapigwa mnada, tangu msimu wa 2007/2008, na karibu kila nyumba ina karatasi ya chama cha msingi cha ushirika inayoonyesha kilo, bei ya mnada na makato. Watu wazima wanaipokea karatasi hiyo na kuikunja mfukoni. Vijana wangu waliiweka mezani, wakazidisha kilo kwa bei kwa kutumia abakasi, wakatoa makato mstari kwa mstari. Binti mmoja alirudi nyumbani akamsomea baba yake hati yake yote. Siku iliyofuata yule baba alikuja darasani mwenyewe, akakaa dawati la nyuma.

Kabla ya kurudisha vifaa tulivinakili. Karatasi za manila ni ghali kwa mtu asiye na mshahara, kwa hiyo tulitumia mifuko ya saruji. Unaitoa karatasi ya ndani, unaipangusa vumbi vizuri, unachora kwa kalamu nene. Vijana ndio waliochora, na chati waliyoichora wenyewe hawaichani. Siku ya kurudisha nilihakikisha mtunza kituo anaweka sahihi yake kwenye leja na kwenye nakala yangu pia. Safari iliyofuata hakuna aliyeniuliza maswali mengi.

Jambo ambalo sikulitarajia lilitokea kupitia leja ileile. Afisa elimu ya watu wazima wa wilaya alipita kukagua vituo, akaona jina la shule yetu linajirudia, akauliza ni darasa gani hilo. Alipofika kwetu, alituambia darasa kama hili lina mahali pake rasmi: MEMKWA, Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa. Tena akatukumbusha kwamba Masasi ilikuwa miongoni mwa wilaya tano za kwanza nchini kuujaribu mpango huo mwishoni mwa miaka ya 1990, pamoja na Kisarawe, Musoma Vijijini, Ngara na Songea Vijijini. Mimi nimezaliwa hapa na sikuwahi kulisikia. Lilinigusa sana. Wilaya iliyoonyesha njia haifai kuwa na watoto wanaookota korosho bila kujua kusoma hati ya malipo yao.

Darasa likasajiliwa, likagawanywa kwa makundi rika mawili: la kwanza ni la watoto wa hadi miaka 13, ambao wakifanya vizuri upimaji wa darasa la nne hurudishwa shuleni na wenzao, la pili ni la miaka 14 hadi 18. Kusajiliwa hakukuleta mshahara, na posho ya mwezeshaji si ya kutegemea, lazima niseme wazi kwa anayefikiria kuianza kazi hii. Lakini kumetuingiza kwenye orodha. Na orodha ndiyo inayofuatwa nafasi zinapotokea.

Kwa mfano, tangazo la mafunzo ya uanagenzi, yale ya Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi ambayo Serikali huwalipia vijana wa miaka 15 hadi 35 wajifunze ufundi, hubandikwa ubao wa halmashauri na kijijini hufika likiwa limechelewa. Sasa ofisi inatupigia simu. Vilevile tulielekezwa Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Masasi, kimoja kati ya vyuo 54 vya aina hiyo nchini, ambako kijana hahitaji kuwa na cheti kikubwa ili ajifunze ushonaji, useremala au umeme wa majumbani. Binti wawili wa kijijini kwetu walioacha sekondari kwa sababu ya ujauzito niliwapeleka mwenyewe kuulizia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Wengi vijijini bado wanaamini binti akishazaa ndiyo basi, wakati Serikali ilishatangaza Novemba 2021 kwamba anaruhusiwa kurudi shule. Kwa wasiotaka kurudi kukaa na wadogo, taasisi hiyo, kupitia SEQUIP, mradi wa Serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, imekuwa ikisomesha wasichana bila ada hadi Mtihani wa Maarifa (QT) na wa kidato cha nne. Mmoja alianza. Wa pili mama yake alikataa, anasema nani atabaki na mtoto, na mazungumzo hayo bado naendelea nayo.

Kikwazo kikubwa cha programu zote hizi ni vyeti vya kuzaliwa. Usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano haukuwagusa vijana wa umri huu, na wengi hawana cheti wala NIDA. Anza na hilo mapema kuliko jambo lolote. Barua ya mtendaji wa kijiji, kadi ya kliniki kama ipo, cheti cha ubatizo au barua ya shule aliyosoma, vyote vikusanye kwenye bahasha moja yenye jina la kijana. Mimi bahasha hizo nazitunza kwa mwalimu mkuu, kwenye kabati la chuma, kwa sababu nyumba za makuti na mvua haziivani. Tangazo likitoka Jumatatu na mwisho ni Ijumaa, unachukua bahasha unaondoka.

Kwa sasa nimeandika barua nyingine, safari hii kwa Afisa Elimu Wilaya, kupitia kwa mwalimu mkuu na Afisa Elimu Kata. Naomba zana za kundi rika la pili zikae shuleni kwetu kuanzia Septemba mpaka Januari bila kurudishwa kila mwezi. Hiyo ndiyo miezi ya korosho, ndipo watoto wanapopotea, na tumeshakubaliana na wazazi wa vitongoji viwili kwamba kipindi kihamie saa kumi na moja jioni, magunia yakishafungwa. Mama Afisa Elimu Kata ameshaweka sahihi yake.