Nilivyoacha kumhesabia mwenzangu makofi

Ushauri wa kwanza nilioupata ulikuwa huu: "Funga siku tatu, wivu utaisha." Nilifunga. Siku ya nne ilikuwa ya mazoezi ya kwaya. Yule dada aliyepewa solo zangu alipofungua kinywa tu, nikaukuta wivu umekaa palepale, tena mimi ndiye niliyekonda. Kufunga si kosa. Tatizo lilikuwa ombi: "Bwana, niondolee kila uchafu." Kila uchafu! Ule mmoja hata sikuutaja.

Kilichonisaidia ni 1 Samweli 18. Mstari wa 7 wanawake wanamwimbia mfalme Sauli na askari wake Daudi: Sauli kaua elfu zake, Daudi makumi elfu. Wa 8 Sauli anapiga hesabu. Wa 9 anaanza kumwonea Daudi wivu. Wa 11 mkuki unarushwa, na ni kesho yake tu! Mlango unaopaswa kufungwa uko mstari wa 8, kwenye hesabu. Nami nilikuwa mhasibu hodari: solo ngapi tangu Pasaka, nani kapiga makofi, nani kaitikia amina kwa nguvu.

Basi nikijikamata nahesabu, nanong'ona hapohapo: "Bwana, namhusudu fulani kwa solo ya Jumapili." Namtaja jina. Sisemi "nina changamoto". Wala "nina mzigo wa kumwombea dada yetu", maana hilo ndilo vazi la kanisani la umbeya. Na niseme husuda, ile ya Wagalatia 5:21 iliyokaa jirani na ulevi. Neno wivu lina mwanya: Kutoka 20:5 Mungu mwenyewe anaitwa mwenye wivu, na moyo ukitafuta utetezi utakimbilia huko.

Kisha dakika tano kabla ya mazoezi namwombea mambo matatu: koo lake, nyumba yake, na solo yake ya Jumapili itoke vizuri kuliko zangu. Hilo la tatu nililimeza kama kwinini wiki kadhaa. Ukiliruka, umeomba bure.

Sasa ujanja ninaojivunia. Yonathani, mwana wa Sauli na mrithi wa kiti chake cha ufalme, alimvulia Daudi joho lake, akampa na upanga, upinde na mshipi. Mimi nina nini? Nina pumzi. Yule dada alikuwa anaishiwa pumzi ubeti wa pili, nami nilijua tangu mwanzo nikanyamaza (na kufurahia, tuseme ukweli). Nikamfuata: "Dada, usivute pumzi katikati ya neno. Vuta kabla ya 'neema', kwa tumbo, mabega yatulie. Na mwombe mpiga kinanda ashushe ufunguo nusu toni." Jumapili ubeti ulipopita salama, nilishtuka nikitabasamu. Ni vigumu kuihusudu kazi uliyoitia mkono.

Kuna aliyenisukuma nikamwombe msamaha. Sikwenda. Hakujua lolote, ningejitua mzigo nikamtwika yeye. Niliwaendea wawili niliowasengenyea, nikawaambia nilisema uongo kuhusu jinsi alivyoipata ile solo. Hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko kufunga. Video za kwaya nazo sizitazami usiku kitandani, saa ambayo mhasibu huamka.

Juzi aliimba kwenye harusi. Nilishahesabu meza tatu zilizosimama kumshangilia ndipo nikagundua mimi bado nimekaa.