Kompresa Kwanza, Brashi Baadaye: Nilivyochagua Vifaa vya Kupulizia Rangi Majahazi Madogo

Mimi hupaka rangi majahazi madogo ya mbao, yale ambayo wageni hununua na watu wa hapa huweka sebuleni. Vyombo vyenyewe huchongwa Matondoni. Vikifika kwangu Lamu mjini huwa mbao tupu, pamoja na nahodha na mabaharia wake wawili watatu wenye urefu wa sentimita 3 hivi. Ukipaka ubavu wa jahazi la sentimita 40 kwa brashi ya nywele, kila mpito unaacha mstari, na mstari mmoja tu unatosha kumwambia mtazamaji kwamba hili si jahazi, ni kibao kilichopakwa rangi. Ndiyo sababu nikaanza kutafuta brashi ya hewa, kifaa kidogo cha mkononi kinachopuliza rangi kwa hewa inayotoka kwenye kompresa, yaani mashine ya kubana hewa.

Wengi wanaoanza huuliza kwanza habari za brashi: ya kampuni gani, ya tundu gani la kutolea rangi. Nikasoma sana maoni ya wapaka rangi vinyago vidogo wa Uingereza na Marekani, wanaobishana kuhusu Iwata, Badger na Harder & Steenbeck mpaka usiku wa manane. Lakini wao hawakai Mkomani, mtaa wangu hapa Lamu. Huku nyumba zimebanana, ukuta wa jirani ndio ukuta wako, na hewa ina unyevu na chumvi mwaka mzima. Kwa hiyo pesa nyingi nikazitenga kwa kompresa, na brashi ikachukua kilichobaki.

Kelele ndiyo iliyokuja mbele. Mama wa nyumba ya pili alikwisha kunitahadharisha: "Mwanangu, ukileta mtambo wa kusaga hapa, mimi na wewe tutafikishana kwa mzee wa mtaa." Kabla ya kununua chochote nikaenda Langoni kwa fundi anayepuliza rangi milango na boti, nikafunga brashi ya kuazima kwenye kompresa yake kubwa. Hewa ilikuwepo tele, na ukiwa na regyuleta (kidhibiti presha) nzuri unaweza kuishusha. Ila ile mashine inatumia oili, na nilipopuliza hewa tupu kwenye karatasi nyeupe pakabaki vitone vidogo vya mafuta. Rangi ya maji haishiki juu ya mafuta. Na mngurumo wake, wallahi, ungemtoa yule mama nyumbani kabla sijamaliza upande mmoja wa chombo.

Nikaamua kutafuta kompresa ndogo ya pistoni isiyotumia oili, yenye tangi la lita 3. Tangi ndilo nililolisisitiza. Zipo za bei nafuu zisizo na tangi, lakini hewa yake huja kwa mapigo, na mapigo hayo huonekana kwenye rangi: mahali pazito, mahali pepesi. Tangi linatuliza hewa, tena linaipa mota nafasi ya kupumzika. Hii yangu hujizima presha ikifika karibu psi 60 (psi ni kipimo cha presha), ikishuka hadi 45 hivi inajiwasha tena. Muda ule wa kimya katikati ndio uliotupatanisha na jirani.

Vile vidude vya kuchaji, ambavyo kompresa yake ni ndogo kuliko kikombe cha kahawa, nilivipita. Vinafaa kucha na keki. Makopo ya gesi nayo hupoa kadiri unavyopuliza, na presha inashuka mkononi mwako katikati ya kazi.

Muuzaji mmoja alitaka kunipa mashine ya volti 110, akisema nitatafuta transfoma. Umeme wetu ni volti 240 na hezi 50. Nikamshukuru nikaendelea na safari. Niliyoichukua ilikuja kwa basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti, ikamalizia njia juu ya punda.

Sasa maji. Hewa ikibanwa hupata joto, ikipoa ndani ya tangi na mpira wa kupitishia hewa, unyevu wake unageuka maji. Kwa mji wa pwani hili si jambo dogo, hasa masika. Nilikuwa napuliza ukanda mweupe wa chini ya chombo, ule unaoiga deheni, mchanganyiko unaopakwa chini ya majahazi ya kweli, na ami yangu amekaa pembeni na kahawa yake akitazama. Ghafla kukatoka tone, rangi ikafanya duara lenye ukingo kama la mvua kwenye vumbi. "Mbona hini yatema mai?" akauliza. Kichujio cha maji chini ya regyuleta kilikuwa kimejaa. Siku hizi nakifungua mara kwa mara nikiwa kazini, na nikimaliza nalegeza kizibo cha chini ya tangi maji yatoke, maana yakilala humo tangi linaliwa na kutu kwa ndani.

Kwenye brashi sikuzunguka sana. Nilichukua yenye kikombe juu, kwa sababu rangi inateremka kwa uzito wake, presha ndogo inatosha, na matone machache yanapaka baharia mzima. Ni ya vitendo viwili: ukibonyeza inatoka hewa, ukivuta nyuma inafuata rangi. Vidole vinachukua muda kuzoea, lakini za kitendo kimoja hazikupi uwezo wa kufifisha kivuli chini ya ukingo wa chombo. Tundu ni la milimita 0.3. La 0.2 huziba upesi kwa rangi za akriliki, na kaskazi ikivuma rangi hukauka kwenye ncha ya sindano kabla hujageuka. Hapo naifuta ncha kwa kitambaa chenye maji, kazi inaendelea. Kabla ya kulipa niliuliza mambo mawili: je, sindano na nozeli (ile ncha yenye tundu) za akiba zinapatikana, na vizibo vya ndani ni vya mpira au vya teflon? Mpira huvimba ukikutana na thina, ile dawa ya kuzimulia na kusafishia rangi.

Rangi naizimua mpaka iwe nyepesi mithili ya maziwa, presha naiweka kati ya psi 15 na 25, na napulizia kiwandani, ule uwazi wa katikati ya nyumba, nikiwa na barakoa ya kichujio. Rangi ya maji nayo isikudanganye, vumbi lake linafika mapafuni vilevile.

Oda zikiongezeka kabla ya tamasha nitanunua nozeli ya 0.5 kwa ajili ya praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, maana ya 0.3 inachelewesha. Tundu la 0.2 bado silioni kazi yake. Lile jicho la mbele ya jahazi, lenye mwezi na nyota, nalichora kwa brashi ya nywele.